Mvuke Usiingie Chupani

Wadogo zangu wa jikoni, siku ya kuagana mliniomba niwaandikie mambo ya kazi, na kwa jinsi nilivyokaa kimya huenda mmedhani nimesahau. Sijasahau, nilikuwa nalala tu. Mtu aliyeamka alfajiri miaka yote ya utu uzima wake akistaafu, wiki za kwanza hulala kama mtoto aliyenyonya akashiba, na ndoto zake zote zina vitunguu ndani yake. Sasa nimeamka. Nimekaa barazani kwangu hapa Mzinga, mlima umejifunika ukungu mpaka kiunoni, na kalamu ninayo.

Vyeo na mishahara sitaandika. Jikoni vyeo ni viwili tu, anayekoroga na anayeosha, na kila mmoja wetu amewahi kuwa vyote viwili. Nitaandika habari za mvuke na chupa za viungo, na za Mama Apolonia aliyenifundisha kuvitenganisha. Najua mtasema Bi Zuhura ameanza. Ndiyo, nimeanza.

Nilitoka Mikese, barabarani, ambako mama yangu alikuwa akiwapikia madereva wa malori wali na maharage. Nilidhani najua kupika. Chakula cha Mikese kinapikwa kwa haraka ya mtu ambaye gari lake linanguruma nje. Unatia chumvi, unatia pilipili, unafunika, anakula, anaondoka, na kama hakikumpendeza basi atakuambia akirudi, kama atarudi. Nikapata kazi kwenye hosteli yetu, ile ya kulaza wageni wa semina na harusi, nikavaa gauni langu zuri nikapanda mpaka miguuni pa mlima.

Siku ile wingu lilikuwa limeshuka. Jiko la zamani, ambalo wengi wenu hamkulikuta, lilikuwa chumba kirefu chenye dirisha kubwa upande wa mlimani, na wingu lilikuwa linaingia humo bila hodi. Lilikutana na mvuke wa sufuria za uji katikati ya chumba, usijue kipi kimetoka mlimani na kipi kimetoka jikoni. Nilisimama mlangoni nikiwa sioni kitu. Kisha weupe ukasogea kidogo, nikamwona mama mfupi mnene, kanga kiunoni, rozari shingoni, ameinamisha kichwa na kushikilia chupa ya viungo sikioni kama mtu anayepokea habari kutoka mbali.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Subiri kidogo, nasikiliza."

Akaitikisa ile chupa, akatabasamu, akairudisha mahali pake. Nikajiambia, Zuhura, umekuja kufanya kazi na mwenda wazimu. Nilikaa naye mpaka alipostaafu.

Somo la kwanza nililipata mchana huohuo. Mchuzi ulikuwa unachemka, nikachukua chupa ya binzari, nikaitikisa juu ya sufuria kama nilivyozoea. Mkono wake ukanikamata kabla sijatikisa mara ya pili. Hakunikaripia. Alinigeuza taratibu, kama unavyomgeuza mtoto asiangalie jua, mpaka nikawa nimeipa sufuria mgongo.

"Unainywesha chupa maji," akasema. "Mvuke unapanda, unaingia kwa matundu, unga unashikana. Leo huoni. Kesho matundu yameziba, keshokutwa una jiwe ndani ya chupa. Kiungo kitoke chupani kwa kijiko kikavu, kikae kwenye kisahani, ufunike chupa, ndipo ugeuke. Kisahani ndicho kiende motoni. Chupa isijue hata kama kuna moto."

Basi ndiyo kanuni hiyo, na mnaijua, maana niliwasumbua nayo mpaka mkawa mnaiimba nikipita. Lakini zilikuwepo na nyingine. Kiungo ukishakikaanga kavukavu, kimwage kwenye ungo kipoe kabisa. Ukikifunga kikiwa na moto umefunga mvuke pamoja nacho, halafu utalaumu kifuniko. Saga cha kutumia leo na kesho tu, vingine vibaki vizima, kwa sababu punje nzima ya pilipili manga inavumilia mambo ambayo unga hauwezi. Chumvi itie punje za mchele zilizokaangwa. Masika yakianza, chupa zote ziingie kwenye sanduku la mbao pamoja na kipande cha mkaa kilichofungwa kitambaa, mkaa unywe unyevu badala ya viungo. Na kama kiungo kimeshaganda, usigongegonge chupa kama mlevi aliyefungiwa nje. Kitoe chote, kitandaze kikaangoni juu ya makaa yanayokaribia kufa, kikauke, kitwange upya, na uongeze kidogo, kwa kuwa kitakuwa kimepoteza nusu ya nguvu zake.

Viungo vyetu vilitoka Matombo, kwao Mama Apolonia. Binamu yake alikuwa akishuka navyo kwa ile njia mnayoijua, ambayo mvua ikinyesha hupiti mpaka ushuke usukume. Alikuwa anafika amechafuka matope mpaka kwenye nyusi, lakini mzigo mkavu, umefungwa kwa majani makavu ya mgomba, safu juu ya safu. Tulikuwa tunaufungua mezani wakati wa mchana, wageni wamekula, jiko limepoa. Mdalasini ulitoka umejikunja, wekundu wake kama wa udongo wa kwao. Karafuu. Iliki zenye rangi ya kijani kilichochoka. Kila mtu alikuwa akivuta pumzi na kufumba macho, mimi nikiota niko msituni juu kabisa, kwenye baridi, mahali ambapo sijawahi kufika hata leo. Wasichana walikuwa wanasema, "Mama, hii inanukia!" Naye anajibu, "Ndivyo inavyotakiwa." Hakuwahi kusema zaidi ya hapo. Sikulitilia maanani.

Zana zake zilikuwa kinu, mchi, kikaango kimoja cheusi ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukiosha kwa sabuni, na zile chupa. Hakuna chupa iliyofanana na mwenzake. Mdalasini ulikaa kwenye chupa pana ya jamu, binzari nyembamba kwenye chupa ya kahawa yenye kifuniko cheusi, iliki kwenye kichupa kirefu kilichowahi kuwa na dawa ya kifua, Mungu anajua ya nani. Karatasi za majina hakubandika, alisema mvuke huzibandua na jina likianguka chini linachukuliwa na chupa nyingine. Na kila asubuhi alizitikisa moja moja sikioni. Kavu iliongea: mchanga mwembamba, mchanga mnene, kokoto. Iliyopata unyevu ilinyamaza. Niliona ni madoido ya mpishi mkubwa, maana kila mpishi mkubwa ana yake. Mmoja niliyemjua alikuwa hawezi kupika mpaka avue viatu.

Akaja meneja mpya. Nimwite Bwana Kobelo, si jina lake, na hakuwa mtu mbaya. Alipenda mambo yapendeze. Alitupakia rangi, akatununulia majiko ya gesi, na juu ya majiko akaweka rafu ndefu ya kung'aa. Kisha akaleta chupa mpya za viungo, zote saizi moja, zote za kioo cha rangi ya kahawia, zina vifuniko vya matundu, majina yameandikwa kwa kalamu nzuri. Akawaagiza wasichana wahamishie viungo humo na kuzipanga kwenye rafu, juu ya moto kabisa. Zilipendeza, siwezi kusema uongo. Mama Apolonia alisimama akaziangalia muda mrefu.

"Bwana meneja, hapo mvuke utazipata," akasema.

"Mama, si utakuwa nazo karibu? Unanyoosha mkono tu."

Hakubishana. Nilishangaa, maana kwa jambo dogo kuliko hilo aliwahi kumrudishia muuza samaki kapu zima.

Hazikupita wiki nyingi tukapata shughuli kubwa, jubilei ya padre mmoja mzaliwa wa Matombo. Nusu ya wageni walikuwa watu wa kwao Mama Apolonia, majirani zake, wifi zake, watu waliomjua tangu akichunga mbuzi. Masika yalikuwa yamekolea. Mvua haikuwa inanyesha, ilikuwa inakaa tu hewani. Masufuria yote yalikuwa yanachemka kwa pamoja, na dirisha lilikuwa jeupe, na jiko zima lilielea. Nakumbuka kama ndoto watu wakitokea kwenye ule ukungu wakiwa na masinia na kutoweka tena, vicheko bila vichwa, harufu ya vitunguu vinavyobadilika rangi. Vitunguu vya pilau vilikuwa tayari. Ulikuwa wakati wa viungo, na wakati huo hausubiri.

Nikamwona anachukua chupa rafuni, anaitikisa sikioni. Kimya. Akachukua nyingine. Kimya. Majina yalikuwa yamevuja yakawa madoa ya wino. Akafungua vifuniko, akachungulia: udongo wa kahawia umeganda, na wa pili udongo wa kahawia umeganda. Akaweka chupa mbili mezani, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Zuhura, njoo hapa. Nusa hii."

"Ninuse mimi, na wewe upo?"

"Nusa, mwanangu. Niambie ni nini."

"Binzari nyembamba."

"Na hii?"

"Mdalasini. Mama, unanipima siku ya leo?"

"Sikupimi," akasema. Nikamwangalia usoni, nikaona woga. Sijawahi kumwona na woga, hata siku mtungi wa gesi uliposhika moto. Akanivuta karibu, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hanusi kitu. Aliugua homa kali kabla sijaja, akalazwa, akapona, pua haikurudi. "Sipati harufu ya moshi, wala ya ua, wala ya mtoto mchanga. Wajukuu nimewapakata wote, sijui wananukiaje."

Vitunguu vilikuwa vinaanza kwenda kwenye weusi. Nikauliza swali la kijinga, ndilo lililokuja: "Sasa miaka yote hii unapikaje?"

"Kwa masikio. Kwa mkono. Ulimi bado unajua chumvi, ukali, uchachu. Zilizobaki zilikuwa kwenye zile chupa zangu." Akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Wakijua wataniambia nikapumzike. Nipumzike wapi, Zuhura? Nikikaa nyumbani niko ndani ya dunia isiyo na kitu. Hapa nasikia vitu vinaungua, vinachemka, na watu wakila wakisema kinanukia, najua kwamba harufu bado ipo. Usiniondoe hapa."

Sikuwa na uwezo wa kumwondoa mtu yeyote, nilikuwa mpishi msaidizi mwenye kijiko. Lakini nilielewa alichokuwa ananiomba. Nikateremsha moto wa vitunguu. Nikamwaga chupa zote, moja baada ya nyingine, kwenye visahani, nikanusa, nikataja. Yeye akavikausha kwenye kikaango chake cheusi, akavitwanga, akapima kwa kiganja. Kila alipomaliza kimoja aliniuliza kimefikia wapi, na hapo ndipo nilipogundua kwamba sina maneno. Harufu unaijua mpaka mtu akuulize. "Mdalasini umeamka," nikasema. "Umeamka kiasi gani?" "Umeamka lakini bado haujanawa uso." Akacheka katikati ya machozi, akaongeza kidogo, akauliza tena. Tukapika hivyo, pua yangu na mkono wake, mpaka sahani zikatoka. Wifi yake mmoja alikuja mlangoni kusema pilau ile inanukia mpaka getini. Mama Apolonia akamjibu, "Ndivyo inavyotakiwa," na safari hii nililielewa neno lile.

Jumatatu nilikwenda kwa Bwana Kobelo kuomba rafu ihamishwe. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilimpelekea chupa moja, nikaigeuza kichwa chini juu ya meza yake. Haikutoka hata chembe. Akaitikisa mwenyewe, akaikodolea macho, akasema, "Kumbe!" Jioni fundi alikuwa ameshaing'oa rafu na kuiweka ukuta wa mbali, kati ya dirisha na mlango wa stoo, ilipo hadi leo. Zile chupa za zamani hazikuwa zimetupwa, tukazirudisha kazini.

Tangu hapo kila asubuhi nilikuwa nafika, navaa aproni, na kabla hatujawasha moto ananiuliza, "Leo kunanukia nini?" Namwambia. Iliki za wiki hii ni changa. Tangawizi ina udongo bado. Maziwa yako njia panda, tuyachemshe sasa. Nikajifunza kusema vizuri, maana alikuwa hakubali jibu la "kawaida". Wenzetu walidhani ananifundisha kazi, na kweli alikuwa ananifundisha. Ramadhani ilikuwa wakati wetu mzuri kuliko yote. Mimi nimefunga, sionji. Yeye hapati harufu lakini anaonja chumvi. Kati yetu wawili kulikuwa na mpishi mmoja kamili, na hakuna mwezi ambao chakula cha hosteli kilisifiwa kama huo.

Hatimaye akastaafu, kwa miguu yake, bila kuambiwa na mtu. Wakamfanyia sherehe kwenye ukumbi. Akasimama kushukuru, akashukuru Mungu, akashukuru uongozi, kisha akasema kwa sauti yake ya kawaida: "Na mjue, pua yangu ilikufa zamani. Mliokula pilau yangu mmekula pua ya Zuhura." Mimi nilikasirika, nawaambieni kweli. Siri niliyoibeba miaka yote kama yai, yeye anaimwaga kama maji ya kunawa! Nikamfuata nje nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Walikuwa wanakwenda kumtafuta mpishi mkuu mjini. Sasa hawaendi." Akanipangusa shavu kwa kiganja chake, kikiwa na manjano kwenye mistari kama siku zote.

Akarudi Matombo. Nikafikiri mambo yameishia hapo, lakini asubuhi ya kwanza simu ikaita. Alikuwa amepanda mpaka nyuma ya migomba ya binamu yake, mahali ambapo mtandao hupatikana ukitaka wenyewe. "Leo kunanukia nini?" Basi ndiye mliyekuwa mnanitania naye, mkisema Bi Zuhura ana mchumba, simu kaibana ndani ya mtandio sikioni, anageuza vitumbua huku anamhadithia mtu harufu ya karafuu. Sikuwaeleza kwa sababu kazi ilikuwa nyingi, na pia kwa sababu sikutaka.

Nami nikastaafu, mliona. Wiki zile za kulala hakunisumbua, lakini juzi simu yake ikaita tena. Nilikuwa hapahapa barazani, sina sufuria, sina moto, nimekunywa chai na kikombe kimeshaoshwa.

"Leo kunanukia nini?"

"Mama, nimestaafu. Hakuna kitu hapa."

"Hakuna kitu ndiyo kunanukiaje?"

Nikavuta pumzi ili nimridhishe tu. Upepo ulikuwa unatoka mlimani. "Mvua inakuja," nikamwambia.

"Umeiona?"

"Bado. Naipata kwa pua. Ni udongo, mama. Udongo unanukia kabla haijafika."

Kisha akasema polepole, "Hiyo hujawahi kuniambia."

Ni kweli. Miaka yote ile nilimpa harufu za sufuria. Mvua zilikuja na kuondoka nje ya dirisha, nasi ndani tumezungukwa na mvuke, na haikuwahi kunijia kwamba kuna kitu kingine anachokikosa.

"Niambie," akasema. "Nimeisahau kabisa."

Nikavuta kiti mpaka ukingoni mwa baraza. Nikamwambia jinsi inavyoanza kwa mbali, kama mtu aliyemwaga maji kwenye jivu la jana. Nikamwambia vumbi linavyolainika, majani ya mpapai yanavyotoa uchungu wao, na bati la jirani linavyonuka kutu likisubiri. Nilikwenda taratibu, sikuruka kitu. Alikuwa anapumua tu upande wa pili. Matone ya kwanza yakagonga bati langu, moja, jingine, kisha yote kwa pamoja, nikalazimika kupaza sauti.

"Basi, nyamaza sasa, mwanangu," akasema Mama Apolonia. "Hapo naisikia mwenyewe."